Gari la Vuai Lisilokuwa na Hati

Hapo zamani, siku zile ambazo hata mbuzi akitaka kuvuka barabara huulizwa karatasi yake, palikuwa na mji uitwao Barawindi, na katika mji huo alitawala Sultani Ghalibu bin Masudi. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa mnene, mcheshi, mpenda halua na mvivu wa kusoma. Na kwa kuwa alikuwa mvivu wa kusoma, mambo yote ya karatasi alimwachia Karani wake Mkuu, Bwana Shekuwe. Na huyo Shekuwe, loo! Mwembamba, ndevu za kuhesabika, na muhuri wa ofisi ameufunga kiunoni kwa mkufu, hata akienda kuoga huenda nao.

Watu wa Barawindi walikuwa na mambo mawili waliyoyashika kwa meno: karatasi na mila. Karatasi waliletewa na Shekuwe. Mila waliachiwa na mababu, na nyingi zilihusu nyumba ya Sultani. Mtu akipita mbele ya nyumba ya Sultani, sharti avue viatu na afunge mwavuli, awe tajiri awe maskini. Aliyedhulumiwa akishika pete ya mlango wa nyumba ya Sultani, sharti Sultani mwenyewe amsikilize kabla jua halijatua. Na mtu akiisha kulala chini ya dari ya Sultani, basi huyo ni mgeni wake. Hatolewi nje, hulishwa, na siku ya kuondoka husindikizwa kwa heshima mpaka aendako. Ila nyumba yenyewe ilikuwa moja tu, juu kilimani, na mlangoni wamesimama walinzi kumi na wawili, kwa hiyo waliowahi kuigusa pete ile walikuwa wachache mno, na Shekuwe alipenda iwe hivyo hivyo.

Basi katika mji huo alikuwapo maskini mmoja, jina lake Vuai. Umaskini wake ulikuwa wa kusifika: kanzu moja, kofia moja, na kofia yenyewe ina dirisha. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vilivyovunjika, vitasa, viti, mbuzi za kukunia nazi, na ujira wake mara nyingi ulikuwa papai. Watu walimwita Vuai Zuzu, kwa sababu ukimwambia jambo alilitenda kama ulivyosema, si kama ulivyotaka. Jirani mmoja alimwambia, "Vuai, nitazamie maziwa yangu jikoni," akaenda zake sokoni. Aliporudi maziwa yamefurika yamezima moto, na Vuai amekaa mbele yake ametulia. Alipomgombeza, Vuai akajibu, "Bibi, uliniambia nitazame. Nimeyatazama mpaka tone la mwisho."

Mkewe, Bi Mwanasiti, alikuwa na akili sawa na yake na ulimi mkali kuliko wake. Lakini mwaka ule aliteleza kisimani, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo hakuweza kwenda hata hatua kumi. Na binti yao Riziki alikuwa ameolewa mbali, milima ya Ungamo, safari ya siku tatu, na salamu zilikuwa zimekuja kwamba ana mimba ya kwanza. Huko kwao mimba ya kwanza hupokewa na mama mzazi. Hiyo haina mjadala. Tena palikuwa na jambo jingine ambalo mke na mume hawakupenda kulitaja. Kabla ya Riziki walikuwa na binti mkubwa, Time, aliyeolewa huko huko. Time alifariki akijifungua, na mama yake alifika siku ya tatu ya matanga.

Bi Mwanasiti alimwita mumewe akamwambia, "Baba Time, safari hii sifiki matangani. Nafika kwenye uzazi, au unichimbie kaburi hapa hapa."

Vuai akatoka nje akalia, akafuta macho kwa kofia, kisha akaketi akafikiri. Punda mkewe hawezi kumpanda. Mkokoteni wa ng'ombe humtikisa mpaka akapiga kelele. Wapagazi wa machela hawachukui papai. Ndipo akalikumbuka gari la Bi Kazija.

Hilo lilikuwa gari la wafanyabiashara wa zama za babu yake Sultani, waliokuwa wakisafiri nalo bara na kulala humo humo njiani. Lilijengwa mfano wa chumba: kuta za mbao, dari ya mviringo, mlango, madirisha mawili, na chini magurudumu manne. Miaka arobaini lilisimama uani kwa Bi Kazija, kuku wanataga ndani na mboga pori zinaota juu. Bi Kazija, Mungu amrehemu, alikuwa amemwambia Vuai, "Nipe kuku mtagaji, uniondolee takataka hii." Vuai akatoa kuku wake wa pekee, wakapeana mikono, na Bi Kazija akala mayai miaka miwili mpaka alipokufa. Karatasi hawakuandikiana. Nani huandika karatasi kwa ajili ya kuku?

Basi Vuai akalivamia lile gari. Akakwangua kinyesi cha kuku siku tisa. Akatoa mbao zilizooza akatia za mninga, alizookota moja moja kila alikovunja banda la mtu. Mianya akaiziba kwa pamba na mafuta kama wafanyavyo mafundi wa vyombo vya baharini, ili mvua isiingie. Magurudumu akayalaza kisimani siku saba mbao zikavimba zikakaza, ekseli akazipaka mafuta ya nyonyo. Na kitanda, hapo ndipo ustadi wake ulipo, hakukipigilia sakafuni. Alikining'iniza kwa kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, hata gari likipita juu ya jiwe, kitanda hubembea tu na mgonjwa hasikii kitu. Akapaka kuta rangi ya kijani na mlango mwekundu, na mlangoni akatia pete ya shaba aliyoisugua mpaka ikang'aa.

Bi Mwanasiti akabebwa akalazwa ndani. Akatazama juu, akatazama huku na huku, akasema, "Rangi ya mlango mbaya." Kisha akaanza kulia kwa furaha, na Vuai akajifanya anatafuta nyundo.

Siku hiyo mimba ya Riziki ilikuwa imebakiza siku ishirini.

Sasa, sheria ya Barawindi ilisema kila chenye magurudumu kitiwe kibati cha shaba chenye namba, na bila kibati bawabu wa lango la mji hakifungulii. Vuai akaenda ofisi ya magari. Karani wa hapo akachungulia dirishani akasema, "Hili lina mlango na madirisha. Hii ni nyumba. Nenda ofisi ya nyumba." Akaenda ofisi ya nyumba. Karani wa huko akasema, "Lina magurudumu. Lini uliona nyumba ina magurudumu? Nenda ofisi ya magari." Akaenda na kurudi siku saba, punda wa kuazima wakachoka, mpaka makarani wote wawili wakampeleka kwa mkubwa wao, Bwana Shekuwe.

Shekuwe akatoka na mwavuli wake wa hariri, akalizunguka gari mara tatu. Akaingia ndani, wakati huo Bi Mwanasiti yuko kwake, akajinyoosha kitandani ajaribu. Kamba za usumba zikambembeleza taratibu. Vuai alisubiri nje hata akasikia mkoromo. Karani alipotoka, macho yake yalikuwa mengine. Yalikuwa macho ya mtu aliyekwisha kujiona anakwenda shambani kwake kila Ijumaa amelala chali.

"Hati iko wapi?" akauliza.

"Halina hati, bwana. Nililipata kwa kuku."

"Kuku si hati."

"Ni kweli, bwana. Hati haitagi."

Wale makarani wakacheka, na Shekuwe akakasirika, akampeleka Vuai barazani kwa Sultani siku hiyo hiyo.

Sultani Ghalibu alikuwa anakula halua. Akasikiliza huku anatafuna, na Shekuwe akamnong'oneza sikioni muda mrefu. Mwisho Sultani akafuta vidole akasema, "Ewe Vuai, katika mji wangu kila kitu kina mwenyewe, na mwenyewe hujulikana kwa hati. Kisicho na hati ni changu mimi. Hata hivyo sipendi kukuonea. Mlete aliyeliunda gari hilo, atie mkono wake kwenye karatasi kwamba amekuachia, nami nitakupa kibati. Nakupa mpaka kesho."

"Ewe bwana wangu," akasema Vuai, "aliyeliunda alifariki enzi za babu yako."

"Basi hiyo ni shida yako," akadakia Shekuwe.

Vuai akasujudu akaondoka. Kesho yake jioni akarudi peke yake, miguu imejaa vumbi jekundu la makaburini.

"Umemleta?" akauliza Sultani.

"Nilimwendea, bwana. Nimeketi kaburini kwake kutwa nzima. Nimemwuliza mara tatu, ewe fundi, gari hili si langu? Hakukana hata mara moja."

Sultani akapaliwa na halua, akageuza uso asionekane anacheka. Lakini Shekuwe hakucheka. Akasema, "Bwana mkubwa, huyu anatuchezea. Muda umekwisha. Lichukuliwe!"

Sultani akaguna, akakubali, maana hukumu alikuwa ameshaitoa. "Ni langu basi. Andikeni."

Hapo Vuai, badala ya kulia kama walivyotazamia, akapiga magoti akasema kwa unyenyekevu mwingi, "Amri yako iko kichwani kwangu, bwana. Naomba jambo moja tu. Mimi ni mjinga, watu huniita zuzu. Niandikieni vizuri nisije nikakosea. Niseme nimelitoa gari, au nimetoa nyumba?"

Swali hilo lilimgusa Shekuwe penye kidonda. Magari yote ya Sultani yalikuwa chini ya Mkuu wa Mazizi, mtu ambaye yeye na Shekuwe walikuwa hawasalimiani mwaka wa sita huo. Likiandikwa gari, litakwenda zizini na yeye hatalilalia tena. Nyumba, ah, nyumba ziko chini ya Karani Mkuu.

"Nyumba!" akasema upesi. "Ni nyumba, haina shaka."

"Nyumba ya Sultani, bwana, kamili? Au ni kibanda tu cha kuwekea vitu?"

"Kamili!"

"Kama hii ya kilimani?"

"Kama hii hii, hakuna tofauti hata ya msumari!" Na Shekuwe, kwa pupa yake, akayaandika maneno hayo yote, akaufungua muhuri kiunoni, akaugonga paa. Kisha akasema, "Na wewe mwenyewe uilete hapa kesho kwa punda wako. Sina mtu wa kumtuma."

"Nipite njia gani, bwana?"

"Pita utakapo! Ondoka mbele yangu!"

Vuai akaikunja ile karatasi, akaitia ndani ya kofia, akaenda nyumbani anapiga mluzi. Mkewe, aliyekuwa amelala garini tangu asubuhi, akamwuliza, "Wamekupa kibati?"

"Wamelichukua gari."

Bi Mwanasiti akashika kinywa. Zilibaki siku kumi na mbili. "Na wewe unapiga mluzi? Vuai, mwanangu atakufa huku wewe unapiga mluzi?"

Vuai akaketi karibu naye, akaacha mzaha kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mama Time, niangalie. Umewahi kuniona nikicheza na jambo la watoto wetu? Leo usishuke garini, lala humo humo. Kesho vaa kanga yako mpya, maana unakwenda ugenini." Akamsomea ile karatasi neno kwa neno. Bi Mwanasiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nipe na wanja wangu."

Asubuhi ilikuwa siku ya soko kubwa. Saa nne, jua limeshika na mchanga unaunguza, watu wamebanana, mara wakaona gari la kijani lenye mlango mwekundu linaingia taratibu, na mbele yake Vuai anatembea pekupeku, ameinua karatasi juu.

"Enyi watu wa Barawindi!" akaita. "Inapita nyumba ya Sultani!"

Watu wakacheka. "Uzuzu leo umempanda!"

Akamwendea askari wa soko, akampa karatasi. Askari akasoma, midomo inachezacheza. Akauona muhuri. Akatazama gari, akatazama muhuri, akatazama mchanga. Kisha, masikini ya Mungu, akainama akaanza kufungua viatu vyake. Walipomwona askari yuko pekupeku, soko zima lilipigwa na butwaa, halafu kukawa na kazi ya kuvua. Wauza nguo wakavua, matajiri wa viungo wakavua, wakaanza kurukaruka juu ya mchanga kama wanaocheza ngoma, na miavuli ikafungwa pu pu pu. Maskini ambao hawakuwa na viatu tangu kuzaliwa walisimama wametulia, wanatazama, na nadhani ndiyo siku pekee waliyowahi kufurahia hali yao.

Vuai hakufanya haraka. Aliambiwa pita utakapo, naye alipita. Alipita kwa wauza samaki, akageuza, akapita tena kwa wauza samaki.

Ndipo Shekuwe alipokuja mbio, mwavuli wake wa hariri juu na makubadhi mapya miguuni. "Nini hii? Nani ameamuru haya? Vaeni viatu!"

"Bwana Karani," akasema Vuai kwa adabu, "funga mwavuli. Uko mbele ya nyumba ya Sultani."

"Hili ni gari, mwehu wee!"

"Kama ile ya kilimani, hakuna tofauti hata ya msumari. Muhuri huu wa nani, bwana?"

Watu wote wakamtazama Shekuwe. Kuukana muhuri wake mbele ya soko hakuweza. Akafunga mwavuli. Akavua kubadhi la kwanza, akakanyaga mchanga, akatoa sauti ambayo hakuna karani aliyewahi kuitoa, akavua na la pili.

Palikuwapo muuza vitumbua mmoja, Bi Kibibi, ambaye wiki ile alinyang'anywa sinia lake na watu wa Shekuwe kwa kuwa halikuwa na hati. Alikuwa amesimama karibu na gari anaitazama ile pete ya shaba. Akatazama mlinzi, hakuna mlinzi. Akanyoosha mkono akaishika.

"Nimedhulumiwa!" akapiga kelele. "Namtaka Sultani!"

Wenzake wakasikia. Kisha wakaja. Aliyechukuliwa kinu akaishika, aliyechukuliwa mtumbwi akaishika, mzee mmoja aliyechukuliwa mkongojo kwa kukosa hati ya mti naye akasukumwa mbele mpaka akaishika. Vuai akawaambia wapange mstari. Ikawa gari linapanda kilimani, nyuma yake mstari wa wenye madai, na katikati ya mstari, hana pa kutokea, Bwana Shekuwe anadundadunda na makubadhi mkononi.

Sultani Ghalibu alisikia kelele akatoka roshani. Alipoona mji mzima pekupeku unapanda kwake, alidhani ni maasi. Alipomwona Shekuwe anaruka kama kuku juu ya jiko, akasahau hofu, akateremka haraka kuliko alivyowahi kuteremka.

"Vuai! Nini hiki?"

"Nyumba yako, bwana. Uliamuru niilete, nimeileta. Na hawa wameshika pete ya mlango wako, nao jua likitua hujawasikiliza..." Vuai akainama kwa heshima.

Sultani akaitaka karatasi, akaisoma mwenyewe, ambalo halikuwa jambo dogo. Akamtazama Shekuwe. Akaketi kwenye kidaraja cha gari, akaanza kusikiliza. Alisikiliza sinia, akasikiliza kinu, akasikiliza mtumbwi. Ilipofika zamu ya yule mzee wa mkongojo, Sultani aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa, na uso wake haukuwa na kicheko tena. Aliamuru vitu vyote virudishwe, na Shekuwe avirudishe mwenyewe, mlango kwa mlango, miguu vile vile ilivyo.

Alasiri watu wakaanza kutawanyika. Sultani akainuka, akajipangusa, akasema, "Haya, Vuai, umenichosha. Iache nyumba yangu hapa uani, uende zako."

"Ndiyo, bwana. Je, mgeni wako?"

"Mgeni gani?"

Dirisha likafunguka, na Bi Mwanasiti akatokeza kichwa, kanga mpya, macho yamepakwa wanja. "Salaam aleikum, mwenye nyumba," akasema. "Nimo tangu jana, na uji sijauona."

Sultani akasogea dirishani. "Umeingia lini nyumbani kwangu, bibi?"

"Sikuingia, bwana. Nilikuwa humu nimelala, ikawa yako nikiwa ndani. Mwenyewe ndiye aliyebadilika, mimi sijageuka hata ubavu."

Walinzi wakaangalia chini wasicheke. Sultani akauma mdomo, akauliza, "Na safari yako ya wapi, nikusindikize?"

Hapo Bi Mwanasiti akaacha utani. Akasema, "Ungamo, bwana. Kwa mwanangu, anajifungua mimba ya kwanza. Nilikuwa na mwingine kabla yake, na yeye nilimfikia amekwisha kuzikwa. Mimi nyonga yangu haiendi, na mume wangu hana kitu. Alichokuwa nacho ni gari hili, na mikono yake."

Sultani, ambaye naye alikuwa na mabinti, alitazama pembeni kitambo. Kisha akamwuliza Vuai kwa sauti ya chini, "Na nikikataa?"

"Siwezi kukulazimisha, bwana. Mila ndiyo inayosema mgeni asindikizwe. Nayo nyumba yako ikienda Ungamo, walinzi hawa sharti waende nayo pekupeku siku tatu. Na huko njiani watu wakiishika pete, sharti wewe uwepo, kabla jua halijatua."

Sultani akaitazama milima ya Ungamo, mbali, ya buluu. Akalitazama tumbo lake. "Na kama nyumba si yangu?"

"Basi, bwana, ni gari la mtu tu, linakwenda kuzalisha."

Hapo Sultani Ghalibu akaangua kicheko. Alicheka akashika ukuta, akacheka akakaa chini, na walinzi waliokuwa wamejizuia nao wakaachia. Alipopata pumzi akasema, "Lichukue, mwanaharamu wee! Nimekupa!"

Lakini Vuai hakusogea. Akasimama vile vile, kofia mkononi. "Bwana, unisamehe. Sipokei kitu bila hati. Nimeona taabu yake."

Sultani akacheka tena, akaita, "Shekuwe! Njoo uandike! Mimi Ghalibu, mwenye nyumba hii kwa muhuri wako wewe, namwachia Vuai. Kwa bei ya..." akamtazama Vuai.

"Kuku mtagaji, bwana. Hiyo ndiyo bei yake."

"Kwa bei ya kuku mtagaji! Na andika gari, Shekuwe, andika gari, mimi sitaki nyumba nyingine ya kutembea."

Shekuwe akaandika, akagonga muhuri. Na ikawa gari ambalo asubuhi ile hakuna aliyekubali ni la Vuai, jioni lilikuwa na hati kushinda gari lolote Barawindi, kwa maana aliyeliachia ni Sultani mwenyewe. Kibati cha shaba Shekuwe alikipigilia yeye, amepiga magoti mchangani, na Bi Mwanasiti dirishani anamwelekeza, "Kimekaa upande, bwana. Inua kushoto." Sultani akaongeza farasi wawili wa zizini kwake, maana punda wa kuazima walikuwa hoi. Na tangu siku hiyo aliamuru pete ya pili ipigiliwe katikati ya soko, isiyo na mlinzi.

Walipofika lango la mji, bawabu akasema, "Hati?" Vuai akaivua kofia polepole, akaitoa karatasi polepole, akaikunjua polepole. Mkewe akampigia kelele kutoka ndani, "Mpe mtu karatasi yake, mtoto hangoji!"

Walifika Ungamo siku ya tatu. Riziki alipomwona mama yake analetwa mpaka mlangoni, alimwangukia kitandani wakalia wote wawili. Siku ya tano uchungu ukamshika, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa inavuja, akalazwa garini, kwenye kitanda cha kamba za usumba. Akajifungua salama, mtoto wa kike, mikononi mwa Bi Mwanasiti. Wakamwita Time.

Vuai aliruhusiwa kuchungulia mlangoni. Alipotaka kusema jambo la maana, ilitoka desturi yake tu. "Huyu," akasema, "ana hati?"

Bi Mwanasiti akamfunua mjukuu wake, akamwonyesha kitovu kilichofungwa uzi sasa hivi. "Muhuri huu hapa," akasema. "Ingia ndani, funga mlango, baridi inaingia."

Hekaya yangu naishusha hapa. Nilikuwapo sokoni siku ile nikavua viatu pamoja na wenzangu, na kimoja sikukiona tena mpaka leo. Mwenye kukiokota anirudishie, na asiniulize hati.